Kukodi boti ya matanga visiwani na marafiki: ya kumaliza mkiwa bado nchi kavu

Kundi likiniomba ushauri wa kukodi boti ya matanga kwa likizo ya visiwani, huanza kwa kuniuliza wachukue boti gani. Mimi hulirudisha swali nyuma: mtakaokuwemo ni nani na nani? Boti za kukodi hazitofautiani sana. Watu ndio hutofautiana, na kwenye chombo cha mita 13 mtu akinuna hana pa kwenda. Mnaamka pamoja, mnakula pamoja, mnagombea kivuli kimoja, na neno lisemwalo chumbani husikika hadi sebuleni. Urafiki wa miaka mingi hautoshi kuwa dhamana ya kuvumiliana humo.

Kwa hiyo kabla hamjalipa hata shilingi ya kushikilia nafasi, itisheni kikao. Kila mtu aseme mambo manne waziwazi: kama anajua kuogelea, kama bahari humchafua, dawa anazotumia kila siku, na tarehe ambayo lazima awe amerudi. Kisha kila mtu aeleze siku yake njema ya likizo ikoje. Mmoja anataka tanga lijae na chombo kilale upande tangu asubuhi. Mwingine anataka kusoma kitabu akiwa ametia miguu majini. Wa tatu anataka kuzamia kwenye matumbawe asubuhi na jioni. Yote yanawezekana ndani ya wiki moja, mradi yajulikane mapema. Jibu la "mimi vyovyote sawa" lisikubaliwe, kwa sababu mwenye jibu hilo ndiye atakayekasirika siku ya tatu.

Pesa ziwe za mfuko mmoja. Kila mtu achangie kiasi sawa kabla ya safari, mtu mmoja awe mtunzaji, na kutoka humo zilipwe mafuta, maji, maegesho na chakula cha pamoja. Amana ya uharibifu iwe ya wote pia: andikeni kabisa kwamba kitu kikivunjika mtagawana, hata ikijulikana nani alikivunja. Nimeshuhudia watu wazima wakiacha kusalimiana kwa ajili ya rafadha, yaani pangaboi la injini, ya mashua ndogo, kwa sababu hakuna aliyetamka jambo hili mwanzoni.

Tena, tangazo likisema boti ni ya watu 10, hesabu vyumba mwenyewe. Mara nyingi wanane hulala vyumbani, na wawili wamehesabiwa kwenye kochi la sebuleni, njia ya kila anayeamka usiku. Mimi hujaza vyumba tu. Na vyumba vigawanywe kwa kura kabla ya kufika bandarini. Atakayepata kile chembamba cha omo, yaani mbele ya chombo, kinachorushwa na mawimbi kuliko vyote, abadilishane na mwenzake katikati ya wiki.

Nani atashika usukani

Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Chagueni nahodha mmoja, na mkubaliane mpaka wa mamlaka yake: pa kwenda na pa kukaa mtaamua wote, lakini akisema tanga lipunguzwe, vesti za kuokolea zivaliwe au leo hatutoki, hapo hakuna kura. Tena awepo mtu wa pili anayeweza kukirudisha chombo bandarini nahodha akiugua. Hili silifanyii mzaha. Kundi lenye mtu mmoja tu anayejua kutua tanga na kuwasha injini halijawa tayari kwenda peke yake.

Kampuni nyingi huomba maelezo ya uzoefu wa nahodha, na katika nchi nyingi cheti pia. Kinachotambulika kwingi ni cheti cha kimataifa kiitwacho ICC, kilichowekwa chini ya Azimio namba 40 la Tume ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Ulaya. Zipo sehemu zenye sheria nyepesi. Visiwa vya Whitsunday, Australia, hukodisha boti bila kudai leseni, wakitoa mafunzo mafupi siku ya kuondoka. Hata hivyo kibali cha karatasi ni jambo moja na uwezo ni jambo jingine. Mwulize nahodha wenu mtarajiwa kama amewahi kutia nanga chombo cha ukubwa huo, upepo ukivuma, kati ya vyombo vingine. Akisitasita, kodini nahodha wa hapo. Mtampa chumba chake na chakula, nanyi mtapata mtu anayeujua kila mwamba wa eneo hilo kwa macho. Kwa kundi linaloanza, huo ndio ushauri wangu wa kwanza, na pesa zake hazipotei.

Msimu na mahali

Visiwa vya joto vina kalenda yake ya upepo, na bei nafuu isiyoelezeka kwa kawaida inaelezwa na kalenda hiyo. Karibi ina msimu rasmi wa vimbunga kuanzia tarehe 1 Juni hadi 30 Novemba. Kimbunga Irma kilipiga Visiwa vya Virgin vya Uingereza tarehe 6 Septemba 2017 na kuharibu sehemu kubwa ya boti za kukodi zilizokuwa zimefungwa huko. Kusini mwa ikweta mambo hugeuka: Australia ya kaskazini na Pasifiki ya kusini vimbunga huja kati ya Novemba na Aprili. Visiwa vikuu vya Shelisheli viko karibu mno na ikweta kuwa katika njia ya kawaida ya vimbunga, ila vina majira mawili ya upepo. Kusi huvuma Mei hadi Oktoba, kwa nguvu, na bahari huchafuka. Desemba hadi Machi upepo hutoka kaskazini-magharibi na mvua zake. Majira hayo yanapobadilishana bahari hutulia, na wanaopenda kuzamia huipenda miezi hiyo kuliko wanaopenda matanga.

Kundi geni lichague mahali ambapo visiwa vinaonana. Visiwa vya Virgin vimepangana pande mbili za mlango mmoja wa bahari, kiasi kwamba karibu kila safari ni ya saa chache na unakokwenda unakuona. Kule Shelisheli, kisiwa cha Mahé hadi cha Praslin ni kama kilomita 45 za bahari wazi. Ni safari nzuri, lakini si ya asubuhi ya kwanza.

Boti yenyewe

Hapa nitakuwa mfupi. Katamarani, ile yenye miili miwili, hailali upande, ina nafasi na kivuli, na huingia majini kama mita 1.2 tu, kwa hiyo husogea karibu na ufuo. Yenye mwili mmoja ina mkuku, ule uti wa chini ya chombo, unaofika mita 2, ni nafuu, na huupanda upepo, yaani huenda unakotoka upepo, vizuri zaidi. Marafiki wanane wenye mazoea tofauti waende na katamarani. Wanne wanaopenda kuhisi tanga mkononi wachukue ya mwili mmoja, na watafurahi zaidi.

Siku ya makabidhiano

Mfanyakazi wa kampuni atakuonyesha chombo huku akiangalia saa. Usiharakishwe. Mtu mmoja arekodi video ya kila kona, hasa omo, tezi (nyuma) na ubavu, mikwaruzo yote ya zamani ikionekana, na tarehe isikike. Wa pili ahesabu vesti za kuokolea, azivae, na kuzikaza kwa mwili wa kila msafiri. Wa tatu asome tarehe za mwisho za fataki za kuashiria hatari na vizima moto. Nahodha atweke matanga yote pale pale bandarini ikiwa upepo unaruhusu, ashushe nanga na kuipandisha kwa mashine yake, awashe pampu za ngama, yaani za kutoa maji chini kabisa ndani ya chombo, na awashe injini ya mashua ya mpira hadi aridhike kwamba haizimiki.

Ulizeni valvu ya gesi iko wapi. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hushuka na kutulia ngamani, ambako haionekani, ikingoja cheche. Kila baada ya kupika valvu ifungwe, na anayefunga aseme kwa sauti "gesi imefungwa" mwingine asikie.

Kisha watu wote, pamoja na wale waliokuja kusoma vitabu, wafundishwe redio. Chaneli 16 ndiyo ya dharura duniani kote. Hatari ya kupoteza maisha hutangazwa kwa kusema "Mayday" mara tatu, jina la chombo, mahali mlipo, kilichotokea na idadi ya watu. Andikeni maneno hayo kwenye karatasi, pamoja na jina la boti, mkaibandike kando ya redio. Siku ikitokea, huenda nahodha ndiye aliyeanguka majini.

Kupanga njia

Boti ya kukodi kwenye upepo mzuri hutembea maili 5 hadi 6 za bahari kwa saa, na maili ya bahari ni mita 1852. Maili 20 ni saa nne njema upepo ukiwa ubavuni. Ukiwa wa omo itabidi mpige bisho, mkienda huku na huku, na maili hizo 20 zinakuwa 30 kabla hamjajua. Kwa sababu hiyo mimi hupanga kuupanda upepo siku za mwanzo, watu wakiwa na nguvu na hamu, ili kurudi kuwe kwa upepo wa nyuma wakati wa uchovu na wa ahadi ya kurudisha boti. Katika Karibi, upepo ukitoka mashariki karibu wakati wote, wanaoanzia kisiwa cha Tortola, katika Visiwa vya Virgin vya Uingereza, huanza kwa kupanda kwenda kisiwa cha Virgin Gorda, halafu wanateremka polepole kuelekea magharibi.

Chukua orodha ya sehemu ambazo kundi linataka kuziona, kisha ukate nusu. Nasema hivi kwa moyo wangu wote, kwa sababu nimeona likizo nzuri zikigeuka kazi ya kubeba mizigo baharini. Raha ya safari hii iko penye nanga: kuogelea kabla ya chai, kupanda kilima cha kisiwa, kukaa nje jioni na kusikiliza hadithi ndefu. Wekeni angalau siku moja katikati ya wiki ambayo chombo hakisogei kabisa. Upepo ukichafuka, siku hiyo ndiyo akiba yenu, na hamtalazimika kutoka kwenye bahari mbaya kwa sababu ratiba imesema.

Mfike mnakokwenda kabla ya saa tisa alasiri. Mikataba mingi hukataza kusafiri usiku, na katika nchi za joto jua hutua karibu na saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, giza likiingia upesi. Lakini sababu kubwa ni matumbawe. Maji husomeka jua likiwa juu, kati ya saa nne asubuhi na saa tisa, na likiwa nyuma yako. Buluu nzito ni kina kirefu. Buluu ya kung'aa ni mchanga wenye maji ya kutosha, na ikipauka karibu na weupe, maji yanaisha. Kahawia au manjano ni mwamba ulio karibu na uso wa maji, na hapo hapapitiwi. Mtu asimame omo na miwani ya kupunguza mng'ao, aonyeshe njia kwa mikono, kwa sababu sauti hupotea kwenye upepo. Jua likiwa mbele yako bahari yote ni kioo, na hata nahodha mzoefu haoni kitu.

Angalieni pia maboya. Dunia imegawanywa kanda mbili. Ukitoka baharini kuingia bandarini, Amerika zote, pamoja na Karibi, huweka boya jekundu mkono wa kulia. Shelisheli, Australia na Tailandi huweka jekundu mkono wa kushoto. Aliyejifunza upande mmoja akaenda kukodi upande wa pili ajikumbushe kila asubuhi.

Nanga

Hili ndilo litakalowapa usingizi, basi tulikalie.

Tafuta doa la rangi ya mchanga lenye upana wa kutosha, upande wa kisiwa uliokingwa na upepo. Doa jeusi ni matumbawe au majani ya bahari. Nanga haishiki vizuri kwenye majani, na kwenye matumbawe inaua viumbe vilivyochukua miaka mingi kukua. Palipowekwa maboya ya kufungia, tumieni hayo, lakini mtu azame kwa miwani akague kamba na pingu yake kabla hamjaliamini.

Hesabu ya mnyororo ni hii. Chukua kina cha maji, ongeza kimo cha omo juu ya maji, ongeza maji yatakayojaa. Kina kikiwa mita 5, omo mita 1.2, na bahari itajaa mita 1, jumla ni kama mita 7. Zidisha mara 5: mita 35 za mnyororo. Upepo ukizidi, zidisha mara 7. Watu wengi hutoa kidogo kwa kuogopa kumsogelea jirani, ilhali mnyororo mfupi huing'oa nanga kwa kuivuta kwenda juu. Nafasi ikiwa haitoshi kwa mnyororo wa kutosha, hapo si pahali penu.

Elekeza omo kwenye upepo, simamisha chombo kabisa, ndipo nanga ishuke. Kirudi nyuma taratibu huku mnyororo ukilazwa chini, usirundikane. Ukishafika urefu mnaoutaka, tia injini nyuma polepole, ongeza, kisha shikilia. Mtu aangalie vitu viwili vya nchi kavu vilivyopangana, mnazi na paa la nyumba kwa mfano. Vikiendelea kupangana, nanga imeshika. Mnazi ukianza kuiacha nyumba, mnaburutwa: ng'oeni, mrudie, bila aibu, hata mara tatu mbele ya majirani. Halafu mtu avae miwani akaitazame nanga yenyewe ilivyozama mchangani. Kwenye maji ya joto na maangavu kazi hiyo ni furaha, na hakuna chombo cha kielektroniki kinachokupa uhakika wa namna hiyo. Usiku taa nyeupe ya juu ya mlingoti iwake.

Maji, umeme, choo

Boti si nyumba, na hili lielezwe kabla ya kuondoka. Maji ya kunywa yawe kando na ya tangi: lita 3 kwa mtu kwa siku ni kiasi cha haki kwenye joto, yaani watu 8 kwa siku 7 ni lita 168. Kuoga ni baharini kwanza, kisha maji baridi kidogo ya kuondoa chumvi. Jokofu ndilo hula betri, kwa hiyo lisifunguliwe kwa kutalii. Chooni hakuingii kitu ambacho hakikupitia tumboni, na tangi la choo halifunguliwi penye nanga, wengine wanapoogelea.

Chakula sina mengi: pangeni zamu za kupika watu wawili wawili, na siku ya kwanza kiwe kilichopikwa tayari. Wanaochafukwa na bahari wameze dawa kabla ya kuondoka, kwa sababu kigegezi kikishaanza dawa haisaidii sana. Wakae nje, watazame upeo, na ikiwezekana washike usukani wenyewe. Jua likingweni kwa nguo za mikono mirefu kuliko kwa mafuta. Nchi ya Palau, huko Pasifiki, ilipiga marufuku mwaka 2020 mafuta ya jua yenye kemikali zinazodhuru matumbawe, na ni vizuri kuishi hivyo popote.

Mambo yanayoumiza watu

Wenye hofu ya bahari hufikiria dhoruba. Mimi huhofia rafadha zaidi. Mtu yeyote akiwa majini karibu na chombo, injini imezimwa na ufunguo umetolewa. Kwenye mashua ya mpira anayeendesha afunge mguuni ile kamba inayozima injini akianguka, kila mara, hata kwa safari ya mita 50. Usiku mashua iwe na taa, na ipandishwe ama ifungwe kwa kufuli.

Tanga lipunguzwe pale wazo la kulipunguza linapokupitia kichwani mara ya kwanza. Ukiona pazia la mvua likija upande wa joshi, yaani unakotoka upepo, anza sasa, maana upepo hutangulia mvua. Mtu akianguka majini, mmoja amnyooshee kidole na asifanye kazi nyingine yoyote wala asigeuze macho, wengine warushe boya la kuokolea na kushughulika na chombo. Fanyeni zoezi hilo siku ya kwanza kwa kutupa mto wa plastiki. Na pombe, kwa wanaokunywa, isubiri nanga ishike, na usiku huo abaki mmoja asiyekunywa, kwani upepo hugeuka saa nane za usiku bila kuomba ruhusa.

Kurudisha

Usiku wa mwisho laleni mahali palipo ndani ya saa moja au mbili kutoka bandari ya kampuni. Asubuhi jazeni mafuta mapema, foleni hukua. Uharibifu wowote uelezwe kabla mpiga mbizi wao hajashuka kukagua chini ya chombo, na video ya siku ya kwanza iwe tayari mkononi. Anayetia sahihi adai karatasi inayoonyesha kwamba amana haina deni, aipige picha, na aitume kwa wote. Kilichobaki kwenye mfuko wa pamoja kigawanywe hapo hapo gatini, kabla mtu wa kwanza hajapanda teksi.